Injini inapolala miezi mingi: namna ya kuihifadhi ili isilete ugomvi



Katika ukurasa huu tunazungumza mara nyingi juu ya mashamba, maji na upatano. Leo tunazungumza juu ya injini ndogo, ile ambayo wengi kwetu huiita moteri. Ni injini ya mashine ya kusaga, ya pampu ya maji, au ya jenereta inayochaji simu. Labda mtauliza: jambo hili linahusu nini na amani? Tuchukue mfano. Si habari ya kijiji kimoja, lakini wengi wenu mtautambua.

Kijiji kimepokea jamaa zilizohama. Mashine ya kusaga imewekwa kwa faida ya wote, wenyeji na wahamiaji. Mwezi wa tatu mahindi yanapungua, na mashine inafungwa ndani ya nyumba. Mwezi wa saba mavuno mapya yanaingia, akina mama wanakuja na vikapu, na kijana anavuta kamba ya kuwashia. Anavuta mara ishirini. Kimya. Mtu mmoja anasema: «Aliyekaa na ufunguo ni wa upande ule.» Mwingine anasema: «Walitia sukari ndani ya esansi.» Wa tatu anasema imerogwa. Jioni ile akina mama wanarudia kutwanga kwa mikono, na watu waliokuwa wakisalimiana wanapitana bila neno.

Tunapenda mjue jambo moja: mara nyingi hakuna mtu aliyeiharibu injini ile. Imeharibika yenyewe kwa sababu ililala bila kutayarishwa. Injini ndogo huweza kuharibika ikiwa imepumzika kuliko ikiwa kazini. Kazi ya kuitayarisha huchukua asubuhi moja tu, na ikifanywa mbele ya macho ya pande zote mbili, inalinda mashine na inalinda ujirani.

ELIMU HII INATOKA WAPI?

Katika nchi za baridi, kama Kanada, Marekani na nchi za Ulaya ya kaskazini, watu wana mashine ndogo za kukata majani mbele ya nyumba. Majira ya baridi yakifika majani hayakui tena, na mashine hukaa miezi minne au mitano bila kazi. Watu wa huko walijifunza kwamba yule anayeifunga tu bila kuitayarisha, atapata shida ikirudi majira ya joto. Kwa sababu hiyo kitabu kidogo kinachouzwa pamoja na injini huwa na sehemu inayoeleza namna ya kuihifadhi kwa majira ya baridi.

Sisi hatuna theluji mashambani mwetu, lakini injini ni za namna ileile. Injini ya petroli inayosukuma pampu ya maji huko Uvira ni ndugu ya ile inayokata majani huko Ulaya. Na sisi pia tuna miezi ya injini kulala. Pampu ya kumwagilia bustani hufanya kazi wakati wa kiangazi, halafu hulala wakati wa mvua. Mashine ya kusaga hulala mahindi na muhogo vikipungua. Jenereta hulala pesa ya mafuta ikikosa. Na zaidi ya hayo, vita vikikaribia, watu hukimbia na mashine hubaki pale ilipo, pengine mwaka mzima.

MAADUI WANNE WA INJINI INAYOLALA

1. Petroli ya zamani. Petroli, au esansi, haidumu kama mafuta ya mawese. Sehemu yake nyepesi hupotea hewani, na ile inayobaki hugeuka polepole kuwa kitu kinachonata kama ulimbo. Watengenezaji wengi wa injini husema petroli isiyotiwa dawa ya kuihifadhi isikae ndani ya injini kupita siku 30 hivi. Ulimbo huo huziba tundu dogo la kabureta, mahali petroli inapopita ili ichanganyike na hewa. Tundu hilo ni jembamba kama sindano. Likizibwa, injini haiwaki, au huwaka kidogo na kuzima.

2. Maji. Usiku ukipoa, hewa iliyo ndani ya tangi hutoa umande, kama vile bati la nyumba linavyotoa umande asubuhi. Tangi lililojaa nusu lina hewa nyingi, basi lina umande mwingi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huteremka chini kabisa, na koki ya mafuta nayo iko chini. Injini hunyweshwa maji kwanza. Maji hayo pia huleta kutu ndani ya tangi la chuma na ndani ya silinda. Katika milima ya Masisi na Lubero, ambako usiku ni baridi na mvua ni nyingi, adui huyu ni mkali zaidi.

3. Oili chafu. Injini ikifanya kazi, moshi na maji kidogo huingia katika oili na kuleta uchungu wa asidi. Oili hiyo nyeusi ikikaa miezi mingi hula vyuma vya ndani polepole.

4. Panya na wadudu. Panya hupenda unga uliobaki kwenye mashine, na hupenda kujenga kiota mahali pa joto, chini ya kifuniko cha injini. Hukata nyaya na chujio. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi.

Angalieni kwamba hakuna hata mmoja kati ya maadui hawa aliye wa kabila fulani.

KABLA YA KUANZA

Chagueni siku ambayo watu wanaweza kuhudhuria. Wawepo angalau wawili wa upande wa wenyeji na wawili wa upande wa wahamiaji, mwanamke na mwanaume. Kama kuna fundi, aongoze. Fanyeni kazi nje, mahali pa wazi, mbali na jiko, na pasiwepo mtu anayevuta sigara. Watoto wakae mbali.

Tafuteni vitu hivi: spana, au kle, ya plagi, bidoni safi yenye kifuniko, chombo cha kupokea oili chafu, oili mpya, vitambaa, sabuni na maji, kipande cha turubai au gunia, mbao mbili, daftari na kalamu.

HATUA ZA KULAZA INJINI YA PETROLI

Hatua ya kwanza: Safisheni. Injini ikiwa baridi, ondoeni udongo, unga na majani kwa brashi na kitambaa. Safisheni hasa mapezi ya chuma yanayozunguka silinda, kwa kuwa ndiyo yanayopoza injini. Msimwage maji juu ya injini.

Hatua ya pili: Toeni petroli ndani ya tangi. Imiminieni ndani ya bidoni. Msivute kwa mdomo na mpira; petroli ikiingia mapafuni huweza kuua. Petroli hiyo itumike upesi katika injini nyingine inayofanya kazi. Andikeni tarehe juu ya bidoni. Kamwe msiitie katika taa ya mafuta wala jiko la mafuta ya taa, maana huwaka kwa kishindo na kuunguza watu.

Hatua ya tatu: Washeni injini nje, na iacheni imalize petroli iliyobaki ndani yake mpaka izime yenyewe. Hiyo pia inapasha oili joto. Msiwashe ndani ya nyumba wala ndani ya hema, hata kwa dakika chache. Moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu waliolala karibu na jenereta.

Hatua ya nne: Badilisheni oili ikiwa bado na joto, kwa kuwa hapo hushuka vizuri pamoja na uchafu. Fungueni bolti ya chini, pokeeni oili ndani ya chombo, fungeni, halafu tieni oili mpya mpaka kwenye alama. Injini isimame sawasawa, isiinamie upande. Injini ndogo haihitaji oili nyingi: kwa mfano Honda GX160, inayojulikana sana kwenye pampu, hutumia karibu lita 0,6. Msimwage oili chafu katika mto wala karibu na chemchemi. Mnaweza kuitumia kupaka miguu ya nguzo za ua isiliwe na mchwa, mbali na maji ya kunywa.

Hatua ya tano: Ngojeni injini ipoe kabisa. Halafu fungueni bolti ndogo iliyo chini ya kikombe cha kabureta, na petroli iliyobaki iteremke ndani ya kikopo. Ni kidogo sana, labda vijiko vichache, lakini ndiyo inayogeuka ulimbo. Wengi husahau hatua hii. Fungeni tena.

Hatua ya sita: Hakikisheni swichi ya injini imezimwa. Fungueni plagi, ile tunayoiita buji. Mimineni kijiko kidogo kimoja cha oili safi ndani ya tundu lake. Vuteni kamba ya kuwashia polepole mara tatu au nne, ili oili ipake kuta za silinda. Wekeni kitambaa juu ya tundu, kwa kuwa oili huweza kuruka. Kisha rudisheni plagi, lakini msirudishe waya wake. Hivyo mtoto akivuta kamba, injini haitawaka.

Hatua ya saba: Vuteni kamba tena polepole sana mpaka mkono usikie uzito, kisha acheni hapo. Uzito huo unaonyesha kwamba valvu zote zimefungwa, na hewa yenye umande haitaingia ndani ya silinda.

Hatua ya nane: Safisheni chujio la hewa. Kama ni la sponji, lifueni kwa maji na sabuni, likaushwe kivulini, litiwe matone ya oili safi na kukamuliwa. Kama ni la karatasi, ligongeni taratibu vumbi litoke, msilifue.

Hatua ya tisa: Kama injini inavuta mashine ya kusaga, legezeni mkanda. Ondoeni unga wote ndani ya mashine, kwa maana unga uliobaki huleta panya na huoza. Zibeni mdomo wa bomba la moshi kwa kikopo au kitambaa, na andikeni katika daftari kwamba mmeziba, ili asiwepo mtu atakayewasha bila kuzibua.

INJINI YA MAZUTU NI TOFAUTI

Mashine nyingi za kusaga zinatumia mazutu, ambayo wengine huita dizeli. Hapa msifuate kila kitu tulichosema juu ya petroli. Mazutu hukaa muda mrefu zaidi. Injini ya mazutu haina plagi wala kabureta ya kuziba. Adui wake mkubwa ni maji. Kwa sababu hiyo tangi la mazutu lijazwe mpaka juu, si kumwagwa, ili umande usipate nafasi. Badilisheni oili kama kawaida. Kama injini hupozwa kwa maji, mwageni maji yote, kwa kuwa maji yanayokaa huleta kutu. Kama kuna betri, ondoeni waya zake, na betri ichajiwe mara kwa mara, la sivyo itakufa.

Tunajua kwamba tangi lililojaa huweza kushawishi wezi. Hapo viongozi waamue pamoja. Kama hamwezi kulinda mazutu, ni afadhali kulitoa tangi lote na kuandika kiasi kilichotolewa na mahali kilipohifadhiwa, kuliko kuacha nusu na baadaye kushtakiana juu ya lita tano.

MAHALI PA KUWEKA

Injini isikae juu ya udongo. Iwekeni juu ya mbao mbili, mahali pakavu penye hewa. Ifunikeni kwa gunia au kitambaa. Msiifunge kwa plastiki kabisa, maana plastiki huzuia umande usitoke, na kutu huanza chini yake. Kama mnatumia turubai, acheni nafasi chini hewa ipite.

Jamaa nyingi zilizo kambini hulala na mali zao zote ndani ya hema moja. Tunaelewa sababu: kitu kikikaa nje kinaibwa. Lakini tunawaomba: injini yenye petroli isilale pamoja na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kufika kwenye jiko la makaa. Hema huungua kwa dakika chache, na hema za jirani zinafuata. Injini iliyotolewa petroli yote, kabureta ikiwa tupu, inaweza kuwekwa pembeni. Bidoni ya petroli ikae nje, mahali ambapo kamati ya kambi imepatenga.

KAMA MNAPASWA KUKIMBIA GHAFLA

Wakati mwingine hakuna asubuhi nzima ya kufanya kazi. Hapo tunasema wazi: uhai wa mtu ni wa kwanza. Hakuna mashine inayostahili kufiwa. Msirudi nyuma kuitafuta, wala msimtume kijana kuilinda.

Lakini kama kuna dakika kumi tu kabla ya kuondoka, mambo matatu yanasaidia sana:

- Fungeni koki ya mafuta, na mwageni kikombe cha kabureta.
- Ondoeni plagi, tieni oili kidogo, rudisheni.
- Mwambieni mtu mmoja wa upande wa pili mahali mashine ilipo na hali yake.

Jambo la tatu ni gumu, lakini mara nyingi ndilo linaloleta faida kubwa. Watu wanaporudi baada ya mwaka, jirani aliyeambiwa huwa ni shahidi, si mshtakiwa.

DAFTARI NA MASHAHIDI

Mashine ya pamoja bila daftari ni kama shamba bila mipaka. Siku ya kulaza injini, andikeni katika ukurasa mmoja:

- Tarehe, na jina la mashine pamoja na namba iliyopigwa kwenye injini.
- Hali yake siku hiyo: iliwaka vizuri au iligoma? Kuna kitu kilichovunjika?
- Petroli au mazutu kiasi gani kilitolewa au kuachwa, na kimewekwa wapi.
- Oili imebadilishwa na nani.
- Vitu vilivyozibwa, vilivyolegezwa au kuondolewa.
- Funguo ni ngapi, na nani anakaa nazo.
- Majina na sahihi, au alama za kidole, za mashahidi wa pande zote.

Tunashauri makufuli mawili kwenye mlango mmoja: ufunguo mmoja kwa wenyeji, mwingine kwa wahamiaji. Hivyo hakuna anayeweza kuingia peke yake, na hakuna anayeweza kushtakiwa peke yake. Nakala ya ukurasa ikae kwa shefu wa kijiji, nyingine kwa kamati ya wahamiaji. Msomeeni ukurasa huo watu wote waliopo, kwa kuwa si wote wanaojua kusoma.

Mara moja kwa mwezi, watu wawili, mmoja wa kila upande, wafungue pamoja. Waangalie kama kuna panya, kama bati linavuja, kama kutu imeanza. Kazi hii haichukui hata nusu saa, nao waandike tarehe na majina yao.

KUAMSHA INJINI

Siku ya kufungua, waiteni tena mashahidi. Someni ukurasa wa daftari kwa sauti. Halafu:

1. Zibueni bomba la moshi, ondoeni viota, kazeni mkanda.
2. Angalieni oili.
3. Swichi ikiwa imezimwa, fungueni plagi na vuteni kamba mara kadhaa ili oili ya ziada itoke. Futeni plagi, irudisheni, na sasa rudisheni waya wake.
4. Tieni petroli mpya. Msitie ile ya zamani kwa kuonea uchungu pesa.
5. Fungueni koki, na angalieni kama kabureta inavuja.
6. Washeni nje. Moshi mweupe au wa buluu kwa dakika chache si ugonjwa. Ni ile oili mliyotia inayoungua.
7. Iacheni izunguke dakika tano bila mzigo kabla ya kuanza kusaga.

IKIGOMA, TAFUTENI KWANZA, MSHTAKI BAADAYE

Msivute kamba mara mia. Na msimtaje mtu. Fuateni utaratibu huu mbele ya wote.

Toeni petroli kidogo chini ya tangi, mimineni ndani ya chupa nyeupe inayoonekana ndani, na ngojeni dakika kumi. Kama kuna maji, mtaona mstari: petroli juu, maji chini. Kama kuna mchanga au kutu, mtaviona chini ya chupa. Kuhusu sukari ambayo watu huitaja sana: sukari haiyeyuki ndani ya petroli. Kama ingetiwa, mngeiona imelala chini kama mchanga. Chupa hiyo mmoja huweza kunyamazisha maneno ya mwezi mzima.

Nusa petroli. Petroli iliyoharibika ina harufu chungu kama rangi ya zamani. Imwageni mahali salama, tieni mpya.

Fungueni plagi. Kama imelowa petroli, petroli inafika lakini moto hautoshi: isafisheni au badilisheni. Kama ni kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, petroli haifiki: kabureta imezibwa, nayo yahitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi. Kama kamba ni ngumu haivutiki, msilazimishe. Huenda kutu imeshika pistoni. Tieni oili kidogo kwenye tundu la plagi, ngojeni mpaka kesho, jaribuni tena taratibu.

Mkipata kwamba kweli kuna mtu aliyevunja au aliyeiba kitu, jambo hilo lipelekwe kwa kamati ya pande zote na kwa viongozi, likiwa na daftari mkononi. Mtu mmoja ajibu kwa kosa lake mwenyewe. Jamaa yake yote isijibu, kabila lake lisijibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

- Katika kijiji au kambi yetu, ni mashine zipi zinazotumiwa na watu wa pande zote? Ni miezi gani hazifanyi kazi?
- Je, tuliwahi kumshtaki mtu kwa sababu mashine iligoma? Tulipata uthibitisho gani?
- Nani anakaa na funguo leo? Je, watu wote wanakubali?
- Akina mama ndio wanaoleta nafaka kusagwa. Je, yuko mama katika kamati ya mashine?
- Ni kijana gani wa kila upande anayeweza kujifunza kazi hii, ili wafanye pamoja?

Tunapendekeza hilo la mwisho kwa nguvu. Vijana wawili wenye spana moja, mmoja mwenyeji na mmoja mhamiaji, wakifungua kabureta pamoja, hujifunza mengi zaidi ya injini. Na mwezi wa saba utakapofika, mahindi yakiwa mapya na akina mama wakiwa mstari mmoja na vikapu vyao, itatosha kuvuta kamba mara mbili au tatu.